Pambano la Mwisho la Mfumuko wa Bei

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Jina lake lilikodishwa kwa kampuni moja ya sabuni ya ng'ambo wakati hazina ilipokauka, na mkataba unasema tukilitamka bila kununua sabuni tutashitakiwa. Kwa hiyo sisi tunaiita nchi yetu tu, na wageni wakiuliza iko wapi tunawaonyesha chini kwa kidole.

Mimi ni Mpiga Kengele wa Serikali. Kengele yenyewe ilikuwa ya shule ya msingi. Shule ilipofungwa kwa kukosa chaki, madawati yaligeuzwa kuni, walimu wakashika njia zao, na kengele ikahamishiwa uwanja wa taifa pamoja na mimi niliyekuwa nikiigonga. Naigonga pambano linapoanza na linapokwisha. Katikati hapo kazi yangu ni kukaa karibu na kamba na kutazama. Nitaeleza nilivyoona, bila kutia chumvi, maana chumvi nayo imepanda.

Mambo yalianza siku ya bajeti. Waziri wa Uchumi, Mheshimiwa Dokta Barnabas Ngwembe, alipanda jukwaani na mkoba wake wa ngozi, akaufungua mbele ya umma, akatazama ndani, akaufunga. Watu waliokuwa karibu waliona kwamba mlikuwa na kitana na nusu ya ndizi. Minong'ono ikaanza. Akina mama wakapiga masufuria. Askari wakaanza kuvaa kofia zao za chuma, na walio na watoto wakaanza kuwatafuta. Kumbe pembeni walikuwapo vijana wawili wa mieleka, walioalikwa kuwachangamsha mabalozi baada ya hotuba. Kwa woga, au kwa kutoielewa ratiba, vijana wale wakaanza kukabana.

Masufuria yakanyamaza. Watu waliokuja kudai unga walikaa chini, wakashangilia mpaka wakapoteza sauti, wakarudi majumbani wakibishana nani alimkaba nani vizuri zaidi. Hakuna aliyeuliza tena habari za mkoba.

Mlezi wa Taifa, ndiye mkuu wetu wa nchi, aliletewa taarifa akiwa anakula. Alifikiri mpaka matunda. Wiki iliyofuata Wizara ya Uchumi ikawa Wizara ya Uchumi na Mieleka, na Dokta Ngwembe akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa makubwa yanapambana na mfumuko wa bei kwa makaratasi. Sisi tutapambana naye kwa mikono! Kila Jumamosi, saa tisa kamili, mbele ya macho yenu, Mfumuko wa Bei atapigwa. Atapigwa hadharani. Atapigwa kwa uwazi na uwajibikaji. Na kiingilio ni bure, isipokuwa kwa wale wanaotaka kukaa."

Tulishangilia tukiwa tumesimama.

Ulingo ulijengwa juu ya msingi wa zege wa kiwanda cha unga ambacho hakikuisha. Juu ya zege lilitandikwa turubai, na chini ya turubai yaliwekwa magodoro ya hospitali kuu, ili wapiganaji wasiumie. Wagonjwa walielezwa kwamba kulala kwenye chuma kunanyoosha mgongo.

*

Alitafutwa mtu wa kuwa Mfumuko wa Bei. Sharti lilikuwa awe na mwili mkubwa na asiwe na shangazi serikalini. Akapatikana jirani yangu, Chande Mbwego, aliyekuwa mchukuzi wa magunia kwenye ghala la unga kabla ghala hilo halijabaki na panya watupu. Chande alikuwa pande la mtu, mwenye mabega ya kazi, na mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Mkewe, Siwema, aliyekuwa akipika vitumbua mpaka mafuta yalipoadimika, alikuwa akimwambia mbele yetu sote, "Wewe upole wako utatumaliza," naye Chande anaitikia, "Samahani."

Wizara ilimvika bukta nyeusi, ikampaka masizi, ikamwandika jina la kazi kifuani kwa chokaa ili watu wasikosee. Mpinzani wake aliitwa Maendeleo. Huyu alikuwa kijana mmoja aitwaye Prosper, mpwa wa Dokta Ngwembe, mwembamba, mwenye manukato, ambaye kitu kizito alichopata kunyanyua maishani ni kijiko. Maendeleo alichelewa kila Jumamosi. Watu walimngoja juani bila kulalamika, kwa kuwa walishazoea.

Hapa inabidi niieleze kazi ilivyo, la sivyo hamtanielewa mbele. Katika mieleka ya maonyesho, anayetupwa ndiye anayefanya kazi. Mtupaji anaweka mikono tu. Anayetupwa ndiye anayekunja magoti, akajirusha, akajipindua hewani, akaangukia mgongo huku anapiga sakafu kwa viganja ili kishindo kisikike hadi viti vya nyuma. Prosper asingeweza kumnyanyua Chande hata angepewa wiki nzima na wasaidizi. Kila Jumamosi Chande alijinyanyua mwenyewe, akajipitisha juu ya kichwa cha Prosper, akajibwaga chini. Mimi niliyekuwa karibu nilikuwa nikimsikia akimnong'oneza, "Bosi, mkono wa kushoto juu kidogo. Hapohapo. Haya, naondoka." Watu walioko mbali waliona Maendeleo ana nguvu za ajabu.

Baada ya kuangushwa, Chande alipiga magoti, akaletewa kipaza sauti. "Nimeshindwa," alisema. "Nawaomba radhi wananchi. Sitarudi tena." Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakuna aliyeshangaa. Redio ikatangaza kwamba Mfumuko wa Bei ameangushwa kwa mara nyingine, na Jumapili unga ukapanda, na Dokta Ngwembe akaeleza kwamba hiyo ni kawaida ya mtu aliyeanguka, hurusha miguu.

Nami nikaendelea kugonga kengele. Watu wanauliza siku hizi kama nilikuwa nasikia uchungu. Mwanzoni nilisikia. Baadaye nikawa nasikia kengele tu.

*

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Asubuhi moja Mama Tunu, jirani yetu wa mlango wa tatu, mjane mwenye watoto wengi, alibisha hodi kwa Chande. Nilikuwapo barazani, nimekuja kuomba kaa la moto.

"Habari za kuamka, baba?"

"Njema, Mama Tunu. Karibu ukae."

"Sikai sana. Nimekuja kwa lile suala la unga."

"Unga upi?"

"Unga, baba. Umeupandisha mno. Najua ni kazi, na kila mtu ana kazi yake, lakini sisi ni majirani."

Chande alimtazama mkewe. Siwema akasema, "Mwambie wewe ni nani."

"Mama Tunu, mimi ni Chande."

"Kwani nimesema wewe si Chande? Si nilikula pilau kwenye harusi yenu? Namwomba Chande aseme na huyo mwingine. Watoto wamelala na njaa, baba. Nakuomba."

Mtu mwingine angecheka, au angemfukuza. Chande aliinamisha kichwa, akakuna shingo, aibu imemshika. "Basi, Mama Tunu," alisema. "Nitaangalia."

"Utaangalia nini wewe?" Siwema alimwuliza, mgeni alipoondoka.

"Sasa ningemjibuje mtu mzima anayeomba vizuri?"

Wiki hiyohiyo meli ya msaada iliyokuwa ikienda nchi nyingine ilipotea njia, ikatia nanga kwetu, na kabla nahodha hajang'amua kosa unga ulikuwa umeshashushwa na kuliwa. Bei ikashuka kwa siku chache. Mama Tunu akazunguka mtaa mzima kusema ni nani aliyefanya hivyo.

Kuanzia hapo baraza ya Chande haikukauka watu. Huyu anaombea sukari, yule mafuta ya taa, bibi mmoja anaombea dawa ya macho. Aliombwa vizuri, kwa kushikwa mikono na kuitwa baba, naye akawaambia wote kwamba ataangalia. Wauza mkaa nao walikuja, kwa adabu, kumwomba ruhusa ya kupandisha kidogo. Hata hao aliwaambia ataangalia. Siwema alisimama mlangoni akiwapigia kelele kwamba mume wake hapandishi wala hashushi kitu, kwamba akipandisha chochote ni miguu yake juu ya kichwa cha Prosper. Watu walimjibu, "Tunajua, dada," wakaendelea kupanga mstari.

Kisha wakaja wataalamu wa wale wanaotukopesha. Walitaka kuonana na msimamizi wa bei nchini. Waziri alikuwa ukumbi wa mazoezi akimtazama mpwa wake anavyonyanyua vyuma vya karatasi, kwa hiyo dereva wa teksi akawaleta moja kwa moja kwa Chande. Walikaa barazani, wakamwuliza maswali mengi, naye akawajibu kwamba ataangalia. Waliporudi kwao walitangaza kwamba katika ofisi zote walizotembelea ile ndiyo pekee waliyoikuta wazi, yenye mhusika mwenyewe, na isiyowaomba posho.

Mlezi wa Taifa hakulala vizuri. Kwa miaka yote watu walikuwa wakimwomba yeye.

*

Tuliitwa wizarani, Chande na mimi. Mimi niliitwa kwa sababu vikao vya serikali siku hizi hufunguliwa kwa kengele. Niligonga. Dokta Ngwembe akakohoa.

"Chande Mbwego. Nani alikupa mamlaka ya kushusha bei ya unga?"

"Hakuna, mheshimiwa. Mama Tunu aliniomba."

"Na mamlaka ya kuipandisha?"

"Hayo sijui anayo nani, mheshimiwa."

Waziri alifunga jalada lake. Kisha akatabasamu, akaagiza maji, akayanywa yeye. "Jumamosi hii," alisema, "ni Jubilei ya Mlezi wetu. Taifa linahitaji zawadi, na zawadi imepatikana. Mfumuko wa Bei atatokomezwa. Sio kuangushwa. Kutokomezwa! Maendeleo atakunyanyua kutoka juu ya nguzo ya ulingo na kukurusha chini, kichwa kwanza."

Chande aliiwaza ile nguzo. "Mheshimiwa, kwa magodoro yale yalivyochoka..."

"Ah, magodoro! Vizuri umekumbusha. Serikali yetu sikivu imeyarudisha hospitali leo asubuhi, kama sehemu ya sherehe. Wagonjwa wameteseka sana. Mmoja alilia kwa furaha mbele ya kamera."

"Basi nitaangukia zege."

"Utaangukia historia."

"Nitakufa, mheshimiwa."

"Hakuna aliyesema ufe," Waziri alisema, na sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa. "Tumesema usirudi."

"Naomba kuacha kazi, basi. Nirudi kubeba magunia."

"Mfumuko wa Bei hawezi kujiuzulu, ndugu yangu. Angekuwa anaweza, tungekuwa tumeshamwomba." Akanionyesha ishara, nikagonga kengele, kikao kikafungwa.

Njiani Chande alitembea mbele yangu. Nilitafuta ndani yangu huruma ya kumpa, nikakuta kuna njaa, nikaona si vizuri kumpa hiyo.

Nyumbani Siwema alitusikiliza akiwa anapepeta pumba. Hakulia. Aliweka ungo chini, akamwambia mumewe akae.

"Tuondoke," alisema.

"Twende wapi? Mtaa mzima utasema tumetoroka na unga."

Siwema aliyatazama mabega ya mumewe. "Yule mtoto wa watu anaweza kukunyanyua?"

"Prosper? Hawezi kunyanyua gunia tupu."

"Sasa wewe unaogopa nini? Usiruke."

"Nisiruke?"

"Usiruke, Chande! Akikushika, simama. Kaa hapo ulingoni kama mzigo wa mawe. Atavuta, atachoka, atakwenda zake. Jua litazama, watu watarudi makwao, na wewe utarudi hapa ule na mimi hii pumba. Nani atakulazimisha? Huruki mpaka uruke mwenyewe."

Nilimwona Chande akilielewa jambo hilo polepole, uso ukafunguka. Miezi yote ile hakuwahi kufikiri kwamba kuruka ni kitu ambacho mtu anaweza asikifanye. "Kweli," alisema. "Wakiniamrisha, nitanyamaza tu. Kuamrishwa nakuweza. Pale ghalani niliamrishwa maisha yangu yote."

"Niahidi."

"Nakuahidi, mke wangu. Sitaruka." Akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikawaona wanacheka, wote wawili, kwa kumfikiria Prosper anavuta.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya paa la choo. Mlezi wa Taifa alikaa katika kiti chenye mwavuli wake, na mwavuli nao ulikuwa na mwavuli wake. Wimbo wa taifa ulipigwa bila maneno, kwa kuwa maneno yana lile jina. Siwema alikuwa chini karibu na kamba, hatua chache kutoka kwangu, amebeba mfuko wenye shati safi la mumewe la kurudia nyumbani. Mama Tunu alikuwa nyuma yake pamoja na watoto.

Maendeleo alichelewa. Alipofika niligonga kengele.

Mwanzo ulikwenda kama kawaida. Chande alinguruma, akazungushwa, akakabwa, akatoa ulimi. Kisha ukafika wakati wenyewe. Walipanda wote wawili juu ya nguzo ya pembeni, Prosper akamshika kiunoni kwa mikono yake ya manukato, uwanja mzima ukavuta pumzi.

Chande hakuruka.

Prosper alivuta. Akabadilisha mguu, akavuta tena. Nilimsikia akinong'ona, "Haya, ruka basi." Chande alitazama mbele. Prosper akavuta hadi kibwebwe chake cha rangi za bendera kikapasuka, akashuka, akamsukuma kwa bega, akarudi kwa mjomba wake kulalamika. Kutoka kule nyuma mtu mmoja alicheka. Kicheko hicho kilikwenda huku na huku, kikakosa wa kukipokea, kikafa.

Dokta Ngwembe alichukua kipaza sauti. "Mfumuko wa Bei! Kwa mamlaka niliyopewa, nakuamuru uruke!"

Chande alikaa juu ya nguzo yake kama alivyoahidi. Waziri aliamuru mara nyingine, kwa sheria na vifungu vyake. Kamanda wa polisi akaamuru. Mlezi mwenyewe akanyanyua kidole, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Chande alitikisa kichwa kidogo tu, na Siwema akapaza sauti kutoka chini, "Hivyo hivyo, baba! Jua linakwenda." Niliona kwamba mtu huyu atarudi nyumbani. Nakiri kwamba kifua changu kilitaka kufanya kitu fulani, lakini kilikuwa kimesahau namna.

Ndipo Mama Tunu akasogea kwenye kamba.

Hakupiga kelele. Alishika kamba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, akatazama juu. "Chande, baba," alisema. "Shikamoo yako uliyonipa asubuhi bado ninayo. Nakuomba, mwanangu. Ruka."

"Mama Tunu, nyamaza!" Siwema alisema.

"Nisamehe, Siwema. Nasemea hawa." Akamgeukia tena Chande. "Redioni wamesema ukiruka unga utashuka, wala hautarudi kupanda tena. Mimi sijui mambo ya serikali. Nakuomba tu, kama ulivyonisaidia mara ile. Nakuomba vizuri."

Mzee mmoja nyuma yake akavua kofia. "Tunakuomba, baba," alisema naye. Kisha mwingine. Haikuwa kelele kama za kila Jumamosi. Uwanja mzima ulisimama, watu wa mtaani kwetu na watu wa mitaa mingine ambao hata hawamjui, wakamwomba kwa sauti za chini, kwa adabu, wengine wamekutanisha viganja. Tafadhali. Tunakuomba. Hisani yako, mzee wetu. Walio juu ya paa la choo nao waliomba.

Chande alitazama chini, akamtafuta mkewe.

"Siwema," alisema. "Wananiomba."

"Nasikia wanakuomba."

"Wananiomba vizuri."

"Na mimi nakuomba, Chande! Mimi nakuomba usiruke! Nipige magoti?" Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, mfuko wenye lile shati ukiwa mkononi.

Alikuwa mmoja. Wale walikuwa uwanja mzima, na watoto. Nilimwona Chande akihesabu jambo hilo usoni kwake, aibu ikamshika kama ile siku ya barazani, akakuna shingo. "Samahani, mke wangu," alisema.

Alimwita Prosper arudi juu, kwa upole, kama fundi anayemwita mwanafunzi wake. Prosper akapanda. Chande alimchukua mikono, akamwekea mahali panapotakiwa. "Wa kushoto juu kidogo, bosi," nilimsikia akimwambia. "Ukunje uso, waone una nguvu." Kisha akakunja magoti, akaruka juu zaidi kuliko Jumamosi zote, akajipindua, akaja chini. Mikono hakuitanguliza.

Nilitakiwa kugonga kengele, nikagonga. Uwanja mzima ulisubiri kusikia tofauti tumboni. Kisha Mlezi akapiga makofi, tukapiga.

*

Kesho yake asubuhi unga ulipanda. Redio ilieleza kwamba marehemu ameacha warithi wasiojulikana, na kwamba Wizara, ili isikose wa kupambana naye, inatafuta Mfumuko wa Bei mpya. Mwenye mwili au asiye na mwili, wote wanakaribishwa. Atakayepatikana atapewa bukta na mlo.

Maiti ya Chande ilitolewa saa saba mchana. Watu wa kubeba jeneza walikuwa wanne, mimi nikiwa mmoja, na wote tulikuwa tunaangalia barabarani. Foleni ya walioomba kazi ilianzia lango la uwanja wa taifa, ikapita soko, ikapita mbele ya nyumba yake mwenyewe, ikaendelea kuelekea upande wa makaburi. Wanaume wa mtaa wetu wote walikuwamo, na watoto wakubwa wa Mama Tunu. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Siku hiyo Siwema alifuata, kwa sababu hapakuwa na mwanamume aliyekuwa na nafasi ya kumwambia arudi.

Tulipolifikisha jeneza kwenye foleni, mmoja wetu aliona pengo zuri, akaingia. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Mimi nilishikilia kidogo kwa ajili ya cheo changu, kisha nikaachia, nikawa nafuata nyuma. Lakini jeneza halikuanguka. Wale waliosimama walinyoosha mikono bila kutoka mahali pao, wakalipokea, wakalipitisha juu ya vichwa kwa wa nyuma yao, nao kwa wa nyuma yao. Kila mmoja alitia mkono, kila mmoja aliomba dua fupi, na hakuna aliyesogeza mguu. Jeneza lilikwenda hivyo mtaa mzima, Siwema akitembea pembeni na mkono mmoja ubaoni, anatazama nyuso za watu anaowafahamu, nao wanamwambia, "Pole, dada," na kutazama mbele.

Nilidhani wabebaji watakwisha kabla ya makaburi. Hawakuisha. Kila jeneza lilipokaribia mkia, watu wengine walikuwa wamefika na kujiunga, mpaka mkia wenyewe ukafika lango la makaburi.

Wa mwisho kabisa alikuwa mtu mgeni, mwenye koti la mitumba na shingo nyembamba, hata hajui maiti ni nani. Alipolipokea upande wa mbele alimwona Siwema, akamwuliza kwa adabu kabisa:

"Samahani, mama. Hivi mlo wenyewe wanautoa kabla ya pambano, au baada?"

"Kabla," Siwema alimwambia. "Shika vizuri. Kichwa kiko upande wako."